Uchovu sugu: kwa nini ushauri wa "ongeza mazoezi kidogo kidogo" umefutwa

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nina miaka 36. Mwaka juzi niliugua homa kali na kifua kwa wiki mbili. Homa iliisha lakini nguvu hazijarudi hadi leo. Jumamosi nikifua nguo na kupika, Jumapili huwa sijambo, ila Jumatatu siwezi hata kushika chaki. Mwili mzima unauma, kichwa kinakuwa kizito, maneno yananipotea mbele ya wanafunzi. Nimetibiwa malaria, taifodi na UTI mara nyingi. Hospitali ya rufaa walinipima, majibu yakawa mazuri, nikaambiwa huenda ni ugonjwa wa uchovu sugu. Mtaalamu wa fiziotherapia amenipa ratiba ya kutembea: nianze na dakika kumi, niongeze dakika mbili kila wiki, hata siku ninayojisikia vibaya. Dada yangu ni muuguzi Leicester, Uingereza. Ananiambia niache mara moja, eti huko ushauri huo ulishafutwa. Nimsikilize nani? Na kwa nini wataalamu wanapingana hivi?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa muda wote huo. Nianze na unachokitaka: ratiba hiyo iache, dada yako yuko sahihi. Aliyekupa hakukudanganya. Alikupa kilichofundishwa vyuoni na kuandikwa kwenye miongozo kwa miaka mingi, mpaka Waingereza wenyewe walipokifuta tarehe 29 Oktoba 2021. Mwongozo ukifutwa London, habari huchelewa kufika, na kwetu ugonjwa huu hauzungumzwi sana hata ndani ya wodi.

Barua yako ina sentensi moja yenye thamani kuliko vipimo vyote ulivyolipia: Jumamosi unafua, Jumapili hujambo, Jumatatu huinuki. Mtu aliyechoshwa na kazi huchoka palepale, akalala, akaamka na nafuu. Aliyelegea kwa kukaa muda mrefu bila mazoezi huumwa misuli siku ya pili, lakini akiendelea, wiki hadi wiki anapata nguvu. Wewe mwili wako unangoja. Saa 24 hadi 48 baadaye unaanguka, na unavyoanguka hakulingani kabisa na kazi uliyoifanya. Halafu si misuli peke yake: akili inapotea, usingizi hauburudishi, wengine koo linauma kana kwamba mafua yanarudi. Sisi tunaiita hali hiyo kuzidiwa baada ya jitihada. Na jitihada si kufua tu. Kusahihisha madaftari ya kidato cha pili usiku kucha, au kukaa msibani siku tatu, kunaweza kukuangusha vilevile.

Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia maelfu ya tafiti kuhusu ugonjwa huu, ambao kwa kifupi huandikwa ME/CFS, ikasema bila kuzidiwa huko baada ya jitihada, utambuzi haukamiliki. Ilikadiria kuwa Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanaugua, na walio wengi hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Usidhani basi ni ugonjwa wa nchi tajiri. Watafiti waliokwenda Nigeria, wakachapisha matokeo yao mwaka 2007, walikuta asilimia 0.68 ya watu wazima wanao. Chicago, kwa utafiti wa aina hiyohiyo, ilikuwa asilimia 0.42.

Sasa twende kwenye mvutano wa wataalamu, maana una historia ndefu na si mzaha.

Mwaka 1955 katika hospitali ya Royal Free jijini London, watumishi 292 waliugua ndani ya miezi michache: maumivu ya misuli, udhaifu, kizunguzungu, kuchanganyikiwa. Hospitali ilifungwa zaidi ya miezi miwili. Wengine walipona, wengine hawakuwahi kurudi kama walivyokuwa. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa fahamu. Lakini mwaka mmoja tu baadaye madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, waliandika katika jarida la tiba la Uingereza kwamba kilichotokea Royal Free kilikuwa histeria ya kundi. Hawakumpima mgonjwa hata mmoja, walisoma mafaili. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba walioathirika zaidi ni wanawake. Hoja hiyo iliganda vichwani mwa madaktari kwa miongo mingi, na kwa kuwa wagonjwa wengi wa uchovu sugu hadi leo ni wanawake, naamini ni sababu mojawapo kubwa ya ugonjwa huu kunyimwa fedha za utafiti. Wewe pengine umeambiwa mvivu, au umerogwa. Mwenzako wa London aliambiwa ana histeria. Wote wawili mmerudishwa nyumbani bila msaada.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja nadharia ya upole zaidi, na ndiyo iliyozaa ratiba yako. Ilisema hivi: kirusi kilikuja kikaondoka, mgonjwa akapumzika kupita kiasi, misuli ikalegea, sasa kila akijitahidi anaumia, anaogopa, anapumzika tena, anazidi kulegea. Kwa hiyo tiba ni mbili. Moja ni mazoezi yanayoongezwa kwa ratiba, bila kujali dalili. Nyingine ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mienendo, ili mgonjwa aache kuamini kwamba bado anaumwa. Inaingia akilini, sikatai. Hata mimi ningemweleza mtu aliyetoka kuvunjika mguu kwa maneno yanayokaribia hayo.

Kuijaribu nadharia hiyo, Uingereza ilifanya utafiti mkubwa ulioitwa PACE, kwa gharama ya takriban pauni milioni 5, ukiwa na wagonjwa 641. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2011: mazoezi ya kuongezwa na tiba ya kisaikolojia vinasaidia. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba asilimia 22 ya waliopata tiba hizo wamepona. Magazeti yakaandika, miongozo ya nchi nyingi ikaegemea hapo.

Wagonjwa wakasoma ripoti mstari kwa mstari, na hapa naomba uniangalie kwa makini, kwa sababu mwalimu anajua alama. Utafiti ulipima uwezo wa mwili kwa dodoso lenye alama 0 hadi 100. Ili uingie kwenye utafiti ulipaswa kuwa mgonjwa wa kutosha, yaani alama 65 au chini. Mpango wa awali ulisema aliyepona ni mwenye alama 85 au zaidi. Kazi ikiwa imeshaendelea, watafiti wakashusha kiwango cha kupona hadi 60. Soma tena. Mtu aliweza kuingia na alama 65, akafuatiliwa kwa mwaka mzima, akashuka hadi 60, na kwa kipimo hicho akahesabiwa amepona. Wagonjwa 13 kati ya kila 100 walikuwa wametimiza angalau kigezo kimoja cha kupona siku waliyoingia, kabla ya kupewa tiba yoyote. Mwanafunzi wako akirudi na mtihani uliosahihishwa namna hiyo, ungemwita mwalimu mwenzako ofisini.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, aliomba chuo kikuu kilichosimamia utafiti kitoe takwimu ghafi. Chuo kikakataa. Kesi ikafika kwenye baraza la rufaa la haki ya habari, na mwezi Agosti 2016 likaamua takwimu zitolewe. Zilipopigwa hesabu upya kwa vigezo vya mpango wa awali, waliopona walikuwa asilimia 7 kwa tiba ya kisaikolojia, asilimia 4 kwa mazoezi, na asilimia 3 kwa waliopata huduma ya kawaida tu ya daktari. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa tiba. Na ukiacha dodoso ukaangalia kilichopimwa kwa mita, kundi la mazoezi lilitoka kutembea wastani wa mita 312 kwa dakika sita hadi mita 379. Mtu mzima wa umri wao asiye mgonjwa hupita mita 500 bila shida. Watafiti wenyewe walipowafuatilia wagonjwa miaka miwili na nusu baadaye, makundi yote yalikuwa yamelingana.

Tatizo jingine halikuhitaji mahakama kuonekana. Katika utafiti wa vidonge, mgonjwa hajui kama amepewa dawa au kidonge kitupu. Katika mazoezi, kila mtu anajua anachopewa. Ukimwambia mgonjwa kwa miezi kadhaa kwamba tiba hii inafanya kazi na kwamba aache kuzihesabu dalili zake, kisha ukampa karatasi umuulize anajisikiaje, majibu yatapanda hata kama miguu haijapata nguvu. Ndiyo maana kamati ya NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, ilipoupitia ushahidi wote wa mazoezi iliupa daraja la chini au la chini sana.

Marekani walikuwa wametangulia: kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliyaondoa mapendekezo hayo kwenye kurasa zake mwaka 2017. Uingereza ilikuwa vita. Mwongozo mpya ulipangwa kutoka Agosti 2021, ukasimamishwa dakika za mwisho kwa sababu vyama vikubwa vya madaktari viligoma kuuunga mkono, kisha ukatoka Oktoba. Unasema wazi: wasipewe mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyojali dalili. Tiba ya kisaikolojia ibaki kama msaada wa kuishi na ugonjwa kwa anayeitaka, isiitwe dawa ya kuuponya. Daktari aanze kuushuku ugonjwa baada ya wiki sita na kuuthibitisha kwa miezi mitatu, si kungoja sita. Nikuambie pia kwamba si wote walioukubali. Mwaka 2023 wataalamu zaidi ya 50 walichapisha pingamizi lao, wakisema kamati ilichambua ushahidi vibaya. Kwa hiyo ukikutana na profesa anayekuambia jambo tofauti na mimi, usishangae. Mimi nimesoma pande zote na bado nasimama na mwongozo wa 2021, na sababu yangu kubwa iko kwenye mwili wenyewe, si kwenye dodoso.

Kuna kipimo cha baiskeli. Mtu anaendesha baiskeli isiyotembea huku hewa anayovuta na kutoa inapimwa, mpaka achoke kabisa. Kesho yake anarudia. Mtu asiye na mazoezi, hata awe mnene na mvivu kweli, siku ya pili anapata karibu matokeo yaleyale. Wagonjwa wa uchovu sugu, katika tafiti kadhaa, siku ya pili wanashuka: mwili unaanza kuishiwa oksijeni mapema, kwa kazi ndogo zaidi kuliko jana. Mwili uliolegea tu haufanyi hivyo. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu waliobaki na dalili baada ya korona, wenye kuzidiwa baada ya jitihada kama wewe, kabla ya baiskeli na siku moja baada yake. Uharibifu ndani ya misuli ulikuwa umeongezeka. Na Agosti 2025 mradi wa DecodeME wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wenye wagonjwa zaidi ya 15,000, ulitangaza maeneo manane ya vinasaba yanayotofautiana na ya watu wasio wagonjwa, mengine yakigusa kinga ya mwili na mfumo wa fahamu. Hicho si kipimo cha kukutambua wewe, lakini kinafunga mjadala wa "ni mawazo yako".

Nisikuvishe matumaini yasiyo na msingi. Upande unaosema ni ugonjwa wa mwili nao umeanguka mara kadhaa. Mwaka 2009 jarida la Science lilitangaza kirusi kiitwacho XMRV kuwa huenda ndicho chanzo. Mwaka 2011 karatasi hiyo ikafutwa, kumbe maabara zilichafuka. Wanorwe walikuwa na matumaini makubwa na dawa ya rituximab, wakaijaribu kwa wagonjwa 151, na mwaka 2019 wakakiri kwamba haikushinda maji ya chumvi yasiyo na dawa waliyopewa wagonjwa wa kulinganishia. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya. Akija mtu na chupa ya "kurudisha nguvu za seli" kwa laki mbili, fedha yako ibaki mfukoni.

Basi ufanye nini?

Kwanza rudi na majibu yako ya hospitali uhakikishe hakuna kilichorukwa. Kwa mtu wa Morogoro ningetaka kuona damu (hemoglobini na madini ya chuma), sukari, VVU, kifua kikuu, tezi ya shingo, figo, ini, na bruselosi kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa vizuri. Ningeuliza pia kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, na kama una sonona, maana sonona inatibika na inaweza kukaa pamoja na uchovu sugu. Kuhusu hizo taifodi zako nyingi: kipimo cha Widal kinachotumika kwenye zahanati nyingi hudanganya sana, na kipimo kimoja chenye "taifodi" kila baada ya miezi miwili hakithibitishi lolote. Usimeze tena antibayotiki kwa karatasi hiyo peke yake.

Kuna kipimo unachoweza kufanya nyumbani, mtu akiwa karibu yako. Lala chali dakika kumi, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Simama wima ukiegemea ukuta mabega tu, hesabu tena kila baada ya dakika mbili hadi dakika kumi zitimie. Ukipata kizunguzungu, keti, usilazimishe. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, mwambie daktari. Wagonjwa wengi wa uchovu sugu mwili wao hauwezi kusimama muda mrefu, na hili angalau lina msaada: maji zaidi, chumvi zaidi kama presha yako haiko juu, soksi za kubana, na dawa zipo. Mwalimu anayesimama ubaoni vipindi sita kwa siku analihitaji jibu hili kuliko mtu yeyote.

Kisha ujifunze kujipimia. Fikiria uniti za LUKU: zikiwa chache huwashi pasi, jiko na pampu kwa pamoja, wala hungoji mpaka umeme ukatike ndipo uzime taa. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari ulichofanya na ulivyojisikia siku hiyo, kesho yake na keshokutwa. Utaanza kuona kiwango chako. Kwa mwingine ni saa moja ya kazi nyepesi, kwa mwingine ni robo saa. Kaa chini ya kiwango hicho hata siku unayojisikia vizuri, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Siku nzuri inakuja, unaona nguo zimejaa, unasema leo nimalize zote. Nguo zigawe siku nne. Fua umekaa, tena mbili tatu tu. Pika umekaa kwenye kigoda, menya vitunguu jana yake usiku. Pumzika kabla hujachoka, na kupumzika ni kulala chumba chenye giza bila simu, si kulala ukisoma meseji za kikundi cha ukoo.

Hii haina maana ulale kitandani siku zote. Kulala tu nako kunaumiza. Ukikaa wiki kadhaa bila kuanguka, unaweza kuongeza jambo dogo, na ukianguka unalipunguza bila kujilaumu. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu mpango wa shughuli za mwili kwa anayejisikia yuko tayari, chini ya mtaalamu anayeujua ugonjwa. Tofauti na ratiba yako ni kwamba mwili ndio unaoamua, kalenda haiamui. Mpelekee mtaalamu wako wa fiziotherapia jibu hili, kwa heshima. Kazi yake bado naihitaji kwako: akufundishe namna ya kufua, kusimama na kubeba bila kupoteza nguvu.

Najua unajiuliza kama utapona. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta watu wazima wanaopona kabisa ni takriban 5 kati ya 100, lakini wanaopata nafuu ni karibu 40 kati ya 100. Wanaoanguka mara kwa mara, kwa ninavyoona, ndio wanaozidi kushuka, ndiyo sababu nakazania uache kujitumikisha mapema hivi.

Kuhusu kazi, usiandike barua ya kuacha. Omba daktari aliyekutambua akuandikie barua kwa mkuu wa shule, itaje jina la ugonjwa na mambo matatu: kiti mbele ya darasa, vipindi vyako viwekwe asubuhi na vipishane na mapumziko, na uondolewe zamu za wikiendi kwa muhula mmoja. Anza na hayo kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa, kwa sababu ikishabandikwa ukutani kuibadilisha kutakugharimu nguvu usizokuwa nazo.